Bon, Kopo Moja la Mchele

Kisangani, tarehe 14 Februari 2000

Dada yangu, Yaya Masika Victoire,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha kwamba nimeshapita miaka arobaini. Mama yetu Berthe hajambo? Yule mbuzi wake mwenye pembe moja angali anakula nguo za majirani? Wasalimie wote wa nyumbani, na wateja wako wa Butembo pia, hata wale unaowaita wezi.

Huku tuko hivyo hivyo. Majeshi mawili ya wageni yaliyopigana Agosti iliyopita bado yamo mjini, moja upande wa soko, jingine upande wa daraja, yanatazamana kama wake wenza. Jirani yangu Mama Fatouma, muuza mchele, anakusalimia, pamoja na kaka yake Yakubu, fundi wa viatu. Hao ni Waislamu wa tangu zamani wa mji huu, babu zao walikuja na misafara ya biashara, na wanasema Kiswahili kizuri, ingawa si kama hiki changu cha mapadri.

Magunia arobaini ya chumvi uliyonitumia niuze yalifika salama. Asante sana. Nitarudi kwenye habari ya chumvi.

Yaya, kaa chini kwanza. Nimeacha feza. Sisemi feza zimeniacha, jambo hilo lilitokea zamani. Nasema mimi ndiye niliyeziacha.

Ilikuwa hivi. Upande wa soko wanakataa noti iliyochanika. Upande wa daraja wanakataa noti mpya, eti hawajaizoea. Mimi nilikuwa na noti moja tu, mpya na imechanika. Nilizunguka nayo siku nzima kama mtu anayetembeza mgonjwa. Mwishoni nikafika kwa Mama Fatouma. Alinipimia kopo la mchele, kisha mkono wake wenyewe ukarudi kwenye gunia, akaongeza kiganja kimoja juu, matabishi, kama ilivyo desturi. Halafu akaiona noti yangu, akalirudisha kopo. Nikamwambia: sawa, kopo ni lako, kwa sababu lina bei. Lakini matabishi haina bei, kwa hiyo ni yangu. Alicheka mpaka akakaa chini, akanipa.

Nilirudi nyumbani na kiganja cha mchele, nikalia. Maana niliona jambo ambalo wenye akili wote wa dunia hawajaliona: katika kila biashara kuna sehemu ndogo inayotolewa bila kuhesabu, na hiyo ndiyo watu wanayoipenda. Basi, tuondoe bei, tubaki na matabishi! Mama Fatouma aliuliza, "Matabishi bila kununua inakaa juu ya nini?" Nimemsamehe, hakusoma.

Nimeandika kitabu. Kinaitwa *Matabishi Tupu: Mji Bila Feza*, kurasa thelathini na sita, na nimekitoa kwa ronéo, mashine ya kunakili, ya shule moja ambayo walimu wake hawajalipwa miaka mingi, kwa hiyo wanalifahamu somo. Kila ukurasa ni funzo moja. Na ili watu wa soko wasiogope, nimeuanza kila ukurasa kama wao wanavyoanza maneno yao. Ukurasa wa saba: "Bon. Kopo moja la mchele. Mtu anafika kwa muuza mchele, anapewa, anakwenda zake." Ukurasa wa kumi na mbili: "Bon. Kuvuka mto mpaka Lubunga." Na wa mwisho, wa thelathini na sita, niliuandika nikimfikiria Mama: "Bon. Nafasi moja ndani ya ndege, kwa mtu anayekwenda kumwona mama yake."

Nakutumia nakala hamsini. Zigawe bure.

Chumvi nimeigawa bure. Ilichukua siku mbili. Watu walitoka Lubunga, wengine kule Masako msituni, wakaja na mabeseni. Walinipenda sana.

Barua hii inaletwa na Faustin, yule anayesindikiza mizigo ndani ya ndege. Nimemweleza mafundisho yangu, na kwamba asikudai chochote. Ameelewa vizuri.

Mdogo wako,
Kambale Ambroise


Butembo, le 6 mars 2000

Mudogo wangu Ambroise,

Nakusalimia. Huku nyumbani wote iko muzima. Baridi iko ile ile. Mbuzi ya Mama alikula bâche, ile turubai ya camion ya jirani, akakufa, na jirani anasema tumulipe bâche. Mama Fatouma na Yakubu bapate salamu yangu.

Faustin hakuelewa kitu. Alinyoosha barua yako juu ya kichwa yake, akasema: dollar kumi, ama nairudisha Kisangani. Nililipa dollar kumi juu ya kusoma kwamba feza ilishaisha.

Ambroise! Magunia arobaini! Ulisema nikae chini, nilikaa, na mpaka leo sijasimama. Weye ulizaliwa na akili, miye nilikubeba mugongoni, nakumbuka. Sasa ilianguka wapi? Mukono mutupu haulambwi, mudogo wangu. Ata Bwana Yesu alikuwa na mutu wa kushika mufuko.

Bon, chumvi ilishakwenda na maji. Sikiliza jambo ya kweli.

Macho ya Mama inaisha. Docteur alisema ndani ya macho kuko kitu inakaza, na kabla saison sèche, ile kiangazi, iishe ataona mwangaza tu, kisha ata mwangaza hapana. Mama hakulia. Alisema: "Nataka kuona Kambale na macho. Kumusikia na masikio nitamusikia tu siku zote, anapenda kusema." Na bacommerçants, batu ya biashara, benye kutoka huko banasema majeshi yote mbili inashusha masanduku ya risasi kila siku. Ambroise, toka huko. Kuja nyumbani. Sikuombe kitu ingine. Nitatafuta namna ya kukufikishia feza ya ndege bila weye kuigawa.

Vitabu nilishapatia batu. Banaipenda sana, sikufichi. Tuma ingine mia mbili, mbio. Na uweke cachet, ile chapa, juu ya kila ukurasa, ukurasa yote, juu huku kuko batu benye kufanya ya kuiga, na batu ya Butembo haisadiki karatasi bila cachet.

Dada yako,
Masika Victoire


Kisangani, tarehe 29 Machi 2000

Yaya mpenzi,

Barua yako imenifika, na karto ya sabuni iliyokuja nyuma yake wiki iliyopita nayo imefika, ingawa Faustin hakuleta karatasi yoyote pamoja nayo. Sabuni nzuri, nyeupe. Niligawa yote Jumamosi. Mama Fatouma anakushukuru kwa salamu, anauliza kama Butembo mnakula mchele. Pole kwa mbuzi.

Habari ya macho ya Mama imenikata maini. Nilitembea mpaka ukingoni mwa mto nikakaa hapo nikitazama pirogi, ile mitumbwi yetu, na sikumwona hata mtu mmoja aliyekuwemo. Nitakuja, Yaya. Lakini nafasi ya ndege inauzwa, na mimi nimeapa katikati ya soko, mbele ya watu mia mbili, kwamba mkono wangu hautashika feza tena. Mtu akivunja kiapo chake kwa ajili ya mama yake, watasema mafundisho yake ni ya watu wasio na mama. Nitatafuta rubani mwenye moyo.

Kuhusu vitabu, sikuweza kulala kwa furaha! Kuna watu wanaiga kitabu changu! Nilijiuliza: nani anaiga kitu kinachotolewa bure? Nikaona ni upendo. Yakubu amenichongea chapa kutoka kwenye soli ya sandali: mkono ulioshika mchele, na chini yake neno MATABISHI. Tumegonga kurasa zote, hata za nakala ninazogawa hapa. Nakutumia mia mbili.

Lakini tangu tuanze kugonga chapa, kuna kitu kidogo sikielewi. Watu wanachana kitabu. Mwanzoni nilidhani wanapeana kurasa ili kila mtu asome. Juzi nilimwona kijana wa toleka akimshusha mama mmoja kwenye baiskeli yake, na mama akamkabidhi ukurasa wa tisa: "Bon. Kupakiwa na toleka mpaka sokoni." Kijana akautazama kwenye jua, akaona chapa, akautia mfukoni. Nikasema moyoni: huyu anapenda kusoma.

Kesho yake Mama Fatouma alikuja kwangu na nakala kumi na moja za ukurasa wa saba mkononi.

"Ambroise, umeandika bon, hati ya kudai, juu yangu?"

"Bon gani?"

"Hii hapa. *Bon, kopo moja la mchele.* Na cachet. Asubuhi moja watu kumi na mmoja! Wanasema papa wa chumvi, yaani wewe baba, atalipa."

Nikamweleza kwamba bon ile ni ya kuanzia maneno tu, kama sote tunavyosema: bon, twende, bon, tuonane kesho. Akaniambia: "Bon ya mdomoni inaanza maneno. Bon yenye cachet inaanza kesi."

Hata hivyo kurasa hakunirudishia. Jioni nilimwona akichukua sombe, majani ya muhogo, na samaki kwa kurasa tatu. Nilipomuuliza, alisema ukurasa mmoja wa saba ni sawa na kurasa mbili za tisa, isipokuwa siku ya mvua, maana bei ya toleka hupanda. Naona hii ni njia ya mpito kuelekea kwenye ukweli.

Nimepungua kidogo mwilini. Ni joto.

Mdogo wako,
Ambroise


Butembo, le 17 avril 2000

Mudogo wangu,

Salamu, wote iko bien, Mama anaona mpaka kwa mulango, mbele ya pale hapana. Barua yako haijafika tangu nilituma sabuni, donc naandika mbio.

Nilikuwa naogopa kuandika, juu Faustin anafungua barua. Leo nilifunga na gundi. Ndani ya ile karto kuko sabuni moja nilipiga alama ya musalaba chini. Ukate ile. Katikati iko dollar mia mbili ndani ya nailo. Ni ya nafasi ya ndege. Hakuna mutu atajua mukono yako ilishika feza, ni sabuni tu.

Usigawe ile sabuni, Ambroise. Nakuomba kwa jina ya maziwa tulinyonya. Nakujua.

Masika


Kisangani, tarehe 18 Mei 2000

Yaya Masika,

Nakusalimia kwa unyonge. Barua yako ya tarehe 17 Aprili ilifika juzi. Faustin anasema alikuwa anasubiri ndege yenye breki.

Sasa naelewa mambo mengi. Naelewa kwa nini, mwezi wa nne mwanzoni, mama mmoja wa Lubunga alianza kupiga vigelegele akifua shati la mumewe, mpaka majirani wakafikiri amani imetangazwa. Naelewa kwa nini tangu siku hiyo mji mzima unakata sabuni. Sokoni haipatikani nzima, kila kipande kimepasuliwa katikati. Watu wanatembea wachafu, mikononi wameshika visu na sabuni. Kumbe ni wewe! Nisamehe, Yaya. Ule msalaba niliuona. Nilidhani ni alama ya kiwanda cha Wakatoliki.

Sasa nikueleze yangu, na usimsomee Mama.

Kurasa zangu zimekuwa feza. Nimeandika, na sitafuta. Upande wa soko wanapokea zenye chapa ya wino mweusi. Upande wa daraja wanataka wino wa buluu. Wapo watu wanaosimama katikati na mabeseni ya kurasa, wanabadilisha. Ukurasa wa thelathini na sita hauonekani kabisa, matajiri wameuficha.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilipelekwa kwa komanda wa upande mmoja, sitaandika ni upi. Alinipa kiti na soda. Aliniita Gouverneur wa Banki. Alitaka kurasa za saba elfu kumi za kuwapa askari wake. Nikamwambia, mkuu, kitabu hiki kinapinga feza. Akasema vizuri sana, ndiyo sababu tunakiamini. Nikakataa. Akaninyang'anya soda.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa navuka barrière, kizuizi cha askari wa upande wa pili, na mfukoni nilikuwa na karatasi zangu za kwanza, zile nilizoziandika kwa mkono. Hazina chapa. Mwanajeshi akazisoma polepole: *Bon, kopo moja la mchele.* Akaita wenzake. "Tumempata mwenye kutengeneza za uongo!" Nikasema, jamani, mimi ndiye mwandishi. Akajibu kwamba wote wanaokamatwa husema hivyo. Nililala kashoti, mahabusu yao, siku tatu kwa kosa la kujiiga mwenyewe. Na mlinzi alinidai ukurasa wa saba ili aniletee chakula!

Aliyenitoa ni Mama Fatouma. Alitoa kurasa arobaini na kuku mmoja. Kuku ndiye aliyemaliza mazungumzo.

Tangu hapo sigusi kitabu changu, kwa sababu nimeapa kutogusa feza. Kwa hiyo katika Kisangani yote mtu asiyeweza kula kwa kitabu hiki ni mmoja, ni mimi. Ukweli nina njaa, Yaya. Nilikuambia ni joto. Mama Fatouma ananiletea lituma, ndizi za kuponda, kila jioni, anasema ni matabishi. Nikimuuliza matabishi juu ya nini, anasema nyamaza ule.

Jambo moja la mwisho. Faustin alinieleza kwamba huko Butembo kitabu changu kina bei. Nilimkasirikia sana. Ni mwongo, sivyo?

Ambroise


Butembo, le 2 juin 2000

Ambroise,

Salamu. Faustin ni mutu wa bongo, wa uwongo, kwa mambo mingi.

Mama sasa anajua sura kwa kugusa. Batu benye kutoka huko banasema barrière inafungwa na askari inachimba mashimo kati ya manyumba. Achana na kiapo. Achana na kitabu. Panda kitu yoyote yenye mabawa. Nakulilia.

Masika


Butembo, le 15 juin 2000

Mudogo wangu,

Radio inasema siku sita. Inasema mabombe juu ya manyumba ya batu, siku sita, na hata hospitali. Inasoma majina ya makomine, ile mitaa ya muji, na miye nakaa karibu na ile radio, kama itasema Kambale nisikie.

Faustin anakataa kwenda ata kwa dollar makumi tano. Barua hii napatia mupadri moja mwenye kufuatana na batu ya msaada. Mama anauliza kila asubuhi, nasema umeandika, nasoma zile za zamani. Nilimusomea mpaka ile ya kashoti, ulikataza, sikuwa na ingine. Alicheka. Kisha akageuka kwa ukuta.

Andika ata neno moja. Andika "Bon" tu, nitajua ni weye.

Dada yako


Kisangani, tarehe 24 Juni 2000

Bon.

Ni mimi, Yaya. Ni mzima. Sikio la kushoto halisikii vizuri, basi. Mwambie Mama sasa, kabla hujasoma chini.

Yakubu amekufa. Siku ya tatu alitoka kutafuta maji, kopo mkononi, hakurudi. Tulimpata Jumapili. Chapa yangu ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa mtu mpole, hakupata kusoma kitabu changu, alinichongea tu kwa sababu nilimwomba. Namlilia kila nikiona sandali.

Mapigano yalianza Jumatatu asubuhi. Nilikimbilia kwa Mama Fatouma kwa sababu stoo yake ina ukuta wa matofali, na wengine thelathini walifikiri kama mimi. Alipanga magunia ya mchele mbele ya mlango na dirisha. Tulilala nyuma ya magunia. Halafu njaa ikaja, na chakula kilikuwa ni ule ukuta wa mchele. Kila tulipokula, ngome ilipungua. Mzee mmoja alikuwa anatubembeleza tule kidogo tu, risasi zisipite.

Mchana wa kwanza mtu mmoja alitoa ukurasa wa saba, akamnyooshea Mama Fatouma. Aliuchukua, akautia chini ya sufuria. Makaa hayakuwepo. Basi wote wakaanza kutoa, za saba, za tisa, wino mweusi, wino wa buluu. Mwanamke mmoja alikuwa na ukurasa wa thelathini na sita, umekunjwa ndani ya kitambaa, akautia nao. Mimi nilitambaa mpaka kwangu kupitia kwenye tundu la ukuta, nikaleta nakala mia tatu zilizobaki, maana sasa zilikuwa kuni, si feza. Zinawaka vizuri. Kila siku tulipika kwa funzo moja.

Siku aliyotoweka Yakubu Mama Fatouma hakupika, alikaa akitazama mlango. Wengine walipika, wakamlisha kwa mkono kama mtoto. Hakuna aliyeuliza kitu kina bei gani. Askari mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule walijificha humo humo, wamevua makoti, wanaona haya. Nao walilishwa.

Yaya, ule mji wangu nimeuona. Ulidumu siku sita, kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi, na uliletwa na mabomu. Siutaki. Kama hiyo ndiyo gharama yake, mimi nilikuwa mpumbavu, na chumvi yako niliipoteza.

Jumapili kukanyamaza. Tulipomaliza kuzika, Mama Fatouma aliosha uso, akafungua gunia la mwisho, akachukua kopo lake. Akasema: "Mgeni siku sita, ya saba mpe jembe. Kopo moja, bei ni ile ile ya zamani." Watu wakacheka na kulia pamoja, wakatafuta noti zao, mpya, za zamani, zilizochanika, na yeye akapokea zote. Sijawahi kuona watu wanalipa kwa furaha namna ile. Na juu ya kila kopo mkono wake ulirudi kwenye gunia.

Ambroise


Butembo, le 8 juillet 2000

Mudogo wangu, mutoto wa mama yangu,

Nililia mpaka Mama akaniuliza nani alikufa. Nikasema: haiko yeye, ni Yakubu wa cachet. Tulimuombea, Mama alisema Mungu atajua namna ya kupokea Muislamu kwa rozari. Mupe Mama Fatouma pole yetu.

Faustin hakusema bongo.

Niliuza vitabu yako. Yote. Ile makumi tano ya kwanza, dollar mbili mbili. Kisha batu bakaanza kuiga, nikakuomba cachet, na yenye cachet niliuza dollar tano. Wenye kununua ni bacommerçants banene, balisema banataka kujua mutu mwenye kutaka kubamaliza anafikiri nini. Moja alisoma mara mbili, akaanza kutia matabishi kwa stoo yake, sasa anapata wateja kupita miye. Nisamehe. Ulisema nigawe bure, na miye sijue kugawa, nilizaliwa bila ile sehemu. Sikukuambia juu nilijua utaumia, na juu nilikuwa nafikiri: siku moja feza hii itamurudisha.

Donc sikiliza. Feza ya kitabu yako ililipa nafasi moja ndani ya ndege, kutoka uwanja ya ndege ya Simi-Simi, na ingine ya kukufikisha mpaka hapa. Jina yako iko kwa liste. Mukono yako haigusi ata franga. Ni ukurasa yako ya makumi tatu na sita njo inakuleta: nafasi moja, kwa mutu mwenye kwenda kuona mama yake. Ukikataa, unakataa maneno yako mwenyewe.

Mama anaona kivuli tu, na mchana tu. Lakini kivuli anajua ya nani. Jana alitambua ya mbuzi mupya, akamufukuza kwa nguo. Kuja kama bado anaona ile.

Masika wako


Simi-Simi, tarehe 21 Julai 2000, saa mbili asubuhi

Yaya,

Naandika nimekaa juu ya gunia, rubani anakunywa chai.

Niliposoma kwamba uliuza kitabu nilikasirika siku moja nzima, halafu nikaona kwamba umenishinda kwa maneno yangu. Asante. Usiombe msamaha tena.

Nimekivunja kiapo mwenyewe kabla ya kuondoka. Nilimbebea Mama Fatouma magunia siku mbili, sokoni mpaka kwake, nikamwambia anilipe. Alinitazama sana. Alinilipa. Nikazishika zile feza, nikamrudishia papo hapo, nikasema: nipimie kopo moja la mchele, la mama yangu. Maana aliniuliza tangu mwanzo matabishi bila kununua inakaa juu ya nini, na mimi nikajifanya kumsamehe. Alipima. Kisha mkono wake ukarudi kwenye gunia, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka kopo halikuonekana. Nilimbusu mikono. Mchele wa kopo umo katika mfuko, na ule wa juu ameufunga peke yake katika kitambaa cha Yakubu.

Barua hii hailetwi na Faustin. Aliyeileta amesimama mlangoni pako, amekonda, na sikio moja halisikii, kwa hiyo ukipiga kelele piga upande wa kulia. Usimlipe. Mwite Mama aje haraka, kungali mchana.

Mdogo wako,
Kambale